Mawasiliano ya Ukaribu: Namna Kadi na Simu Zinavyolipa na Kubadilishana Data, na Suala la Kuyataja kwa Kiswahili

Ikisiri

Kadi za nauli, kadi za benki zisizochomekwa mashineni, simu janja zinazolipa na pasipoti za kielektroniki zina msingi mmoja wa kiteknolojia. Katika makala haya msingi huo unaitwa mawasiliano ya ukaribu. Kwenye menyu za simu huandikwa kwa herufi NFC. Makala yanaeleza namna kadi isiyo na betri inavyopata umeme, namna inavyokijibu kifaa kinachoisoma, namna fedha inavyolindwa na sababu ya data inayopita kwa njia hii kuwa ndogo. Aidha, yanaonesha kwamba istilahi “malipo bila mguso” hailingani na kitendo chenyewe na yanapendekeza namna nyingine ya kuainisha kadi. Hoja kuu ni kwamba mtumiaji asiyejua fedha yake imehifadhiwa wapi hawezi kuidai inapopotea, na kwamba ujuzi huo hautamfikia bila istilahi zinazosema kweli.

1.0 Utangulizi

Abiria anayepanda basi mjini Kigali huisogeza kadi yake ya Tap&Go kwenye kifaa kilichofungwa karibu na mlango. Kifaa hulia, salio hupungua, naye hupita kwenda kuketi. Tendo zima halichukui muda wa kuhesabu sarafu mbili. Hata hivyo, katika muda huo mfupi kadi imewashwa, imetambuliwa, imeulizwa maswali, imejibu na imezimwa tena. Haina betri, haina waya, na abiria hakubonyeza chochote.

Watumiaji wengi wa teknolojia hii katika Afrika Mashariki wameipokea kama walivyoipokea redio: wanajua kuitumia bila kuelezwa inavyofanya kazi. Kwa redio hilo halikuwa na madhara makubwa. Kwa chombo kinachobeba fedha na utambulisho wa mtu, hali ni tofauti. Kadi inapokatwa mara mbili, inapopotea au inapokataa kusomwa, mwenye kadi hulazimika kujieleza mbele ya wakala au karani, na mara nyingi hukosa hata maneno ya kutajia lililomtokea. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na lugha hii inaendelea kupewa majukumu mapya katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo, ni haki kuuliza kama ina uwezo wa kueleza kifaa ambacho raia wa Jumuiya hii hukitumia kila asubuhi. Makala haya yanajaribu kufanya hivyo.

2.0 Msingi wa Kifizikia

2.1 Kwa nini si “masafa mafupi”

Baadhi ya waandishi huiita teknolojia hii “mawasiliano ya masafa mafupi”. Jina hilo lina tatizo. Wasikilizaji wa redio wa Kiswahili wamelijua neno “masafa mafupi” kwa miongo mingi kuwa ni yale mawimbi yaliyowaletea matangazo kutoka ng’ambo. Ajabu ni kwamba kadi hizi hutumia mawimbi ya jamii hiyohiyo. Hutetema mara milioni 13.56 kwa sekunde, yaani megahezi 13.56, na urefu wa wimbi lake ni takriban mita 22. Bendi ya matangazo ya kimataifa iitwayo bendi ya mita 22 inaanzia pembeni yake kabisa, kwenye megahezi 13.57.

Hapa ndipo swali linapozuka. Ikiwa mawimbi ya aina hii yanaweza kuvuka bahari, kwa nini kadi haisomwi ikiwa umbali wa mkono mmoja? Jibu liko kwenye antena. Mtambo wa redio hutumia antena ndefu inayolingana na urefu wa wimbi, na kwa hiyo nishati huachana na antena na kusafiri. Kisomaji cha kadi hutumia koili ndogo yenye upana wa sentimita chache tu. Koili ndogo kiasi hicho, mbele ya wimbi la mita 22, haiwezi kurusha nishati kwa ufanisi. Nishati yake kubwa hubaki imeizunguka katika umbo la uga wa sumaku. Uga huo hufifia upesi mno: ukishatoka nje ya eneo la koili, kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya uga hupungua hadi kama sehemu moja ya nane. Ndiyo maana kadi husomwa katika sentimita nne hivi, na hata katika mazingira bora haizidi sana sentimita kumi. Kinachofanya kazi hapa ni ukaribu, wala si ufupi wa mawimbi. Kwa sababu hiyo tumechagua jina “mawasiliano ya ukaribu”.

2.2 Kadi inavyopata umeme

Mwaka 1831 Michael Faraday alionesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha mkondo wa umeme katika waya ulio karibu nao. Kadi ya nauli inategemea kanuni hiyo. Ndani ya plastiki yake mna koili ya waya mwembamba inayozunguka kingo za kadi, na koili hiyo imeunganishwa na chipu ndogo. Kadi inapoingia katika uga wa kisomaji, mkondo huanza kupita kwenye koili. Chipu huunyoosha mkondo huo, nayo huamka. Kadi inapoondolewa, umeme hukatika na chipu hulala. Kwa hiyo kadi haichakai kwa kuishiwa chaji, na inaweza kukaa kabatini miaka kadhaa kisha ikafanya kazi siku inapotolewa.

2.3 Kadi inavyojibu

Kisomaji huzungumza kwa kuukatiza na kuurejesha uga wake kwa mpangilio maalumu, na chipu husoma mikatizo hiyo kama herufi. Kadi nayo itajibuje ilhali haina nguvu ya kurusha mawimbi yake yenyewe? Mfano wa msukuma mkokoteni unaweza kusaidia. Msukuma mkokoteni haoni kinachofanyika nyuma ya shehena, lakini mtu akidandia huhisi uzito umeongezeka, na akishuka huhisi umepungua. Ikiwa mdandiaji atapanda na kushuka kwa mpangilio waliokubaliana, wawili hao wanaweza kupeana ujumbe bila kusemezana. Kadi hufanya vivyo hivyo. Chipu huongeza na kupunguza mzigo wa umeme kwenye koili yake. Kisomaji, kinachoubeba mzigo huo kupitia uga, huhisi tofauti ndogo hizo na kuzitafsiri kuwa data.

Mfano huo unaeleza pia kwa nini kadi mbili zikiwa katika pochi moja huleta matatizo. Wadandiaji wawili wakipanda na kushuka kila mmoja kwa mpangilio wake, msukuma mkokoteni hataelewa lolote. Viwango vya kiufundi vinakipa kisomaji njia ya kuzitenganisha kadi kwa namba zake na kuchagua moja, lakini njia hiyo haimhakikishii mwenye pochi kuwa itakayochaguliwa ni kadi aliyoikusudia. Mjini London abiria wameonywa waitoe kadi moja badala ya kusogeza pochi nzima, wasije wakatozwa kwenye kadi wasiyoitaka. Pochi yenye bamba la chuma nayo huzuia usomaji, kwa kuwa chuma huuvuruga uga.

3.0 Kutoka Kadi ya Nauli hadi Simu

Teknolojia hii ilikomaa katika usafiri wa umma. Hong Kong ilianza kutumia kadi ya Octopus mwaka 1997. Japani ilianza kutumia Suica mwaka 2001. London ikafuata na Oyster mwaka 2003. Katika vituo vyenye msongamano, faida kubwa ilikuwa mwendo wa foleni: mlango unaofunguka ndani ya nusu sekunde hupitisha watu wengi kuliko dirisha la tiketi.

Mwaka 2004 kampuni za Nokia, Philips na Sony ziliunda NFC Forum ili kuviwezesha vifaa vya watengenezaji mbalimbali kuelewana, na simu ikaingizwa katika familia hii. Simu ilileta jambo jipya, kwa kuwa ina betri na inaweza kushika nafasi zaidi ya moja. Inaweza kuwa kisomaji, ikasoma kadi au kibandiko. Inaweza kujifanya kadi, ikasomwa na mashine ya dukani. Inaweza pia kuzungumza na simu nyingine kama mwenziwe. Nafasi ya kwanza na ya pili zimestawi; ya tatu, kama tutakavyoona, imefifia.

4.0 Fedha Imekaa Wapi?

Kwa mtumiaji, swali la maana kuliko yote ni hili: kadi inaposogezwa, ni nini hasa kinachohama? Kuna mifumo miwili, na kwa nje inafanana kabisa.

Katika mfumo wa kwanza, salio limeandikwa ndani ya kadi yenyewe. Kisomaji hulisoma, hupunguza nauli na kuandika salio jipya. Hakihitaji mtandao wakati huo. Basi linaweza kukata nauli likiwa bondeni kusikofika mawimbi ya simu, kisha likapeleka kumbukumbu zake jioni. Kadi ya namna hii inakaribiana na noti: kadi isiyosajiliwa ikipotea, salio lake hupotea pamoja nayo.

Katika mfumo wa pili, kadi haina fedha. Ina utambulisho tu, na fedha iko katika akaunti kwenye benki au kwa mtoa huduma. Kadi za benki na simu zinazolipa ziko katika kundi hili. Kadi ikipotea huzuiwa, na salio hubaki salama.

Katika mfumo wa pili swali la usalama ni namna ya kumzuia mwizi aliyesikiliza mazungumzo ya kadi na mashine asiyarudie baadaye. Jibu ni hesabu za siri. Mashine huituma kadi namba ya bahati nasibu pamoja na kiasi kinacholipwa. Chipu huzichanganya na ufunguo wa siri usiotoka kamwe ndani yake, kisha hutoa jibu linalofaa kwa muamala huo mmoja tu. Aliyelinasa jibu hilo hana anachoweza kukinunua nalo tena.

Simu huongeza kinga nyingine. Badala ya namba halisi ya kadi, huhifadhi namba mbadala iitwayo tokeni. Msomaji wa Tanzania anayenunua umeme wa LUKU ameshalizoea neno hili, na mfano wake unatufaa. Tokeni ya umeme iliyotolewa kwa mita yako haiingii katika mita ya jirani, na ukishaitumia haifai tena. Tokeni ya malipo nayo imefungamanishwa na simu moja. Kinachobadilika kila mara ni lile jibu la siri linaloambatana nayo. Kwa sababu hiyo, duka likiibiwa kumbukumbu zake, mwizi hapati namba ya kadi inayotumika kwingine.

5.0 Kushirikishana Data

Mwendo wa mawasiliano ya ukaribu ni mdogo: kilobiti 106, 212 au 424 kwa sekunde. Picha moja yenye megabaiti tatu ingechukua karibu dakika nzima hata katika mwendo wa juu zaidi kati ya hiyo, na muda wote huo mtumiaji angelazimika kuzishika simu mbili zikiwa zimegusana. Mfumo wa Android uliwahi kuwa na huduma ya kugusanisha simu ili kupeana faili, ikiitwa Android Beam. Iliachwa, na njia zinazotumia Bluetooth na Wi-Fi zikachukua nafasi yake.

Hata hivyo, ukaribu haukupoteza kazi. Kazi yake bora ni kutambulishana. Spika inapoguswa na simu, mawasiliano ya ukaribu hupitisha ujumbe mfupi tu, “mimi ni fulani, nitafute kwa Bluetooth”, kisha Bluetooth hubeba muziki. Ni kazi ya mshenga: huwakutanisha wahusika, kisha hujiondoa. Vibandiko vya bei nafuu hufanya vivyo hivyo. Vingi hubeba baiti zisizofika elfu moja, ambazo zinatosha anwani ya tovuti, namba ya simu au namba ya kifaa ghalani.

Mfano wenye uzito zaidi ni pasipoti. Nchi za Afrika Mashariki zimehamia pasipoti ya kielektroniki ya Jumuiya. Tanzania ilizindua yake mwezi Januari 2018. Ndani yake mna chipu inayosomwa kwa ukaribu, yenye picha na taarifa za mwenye pasipoti. Je, mtu anayekupita kwenye foleni anaweza kuisoma ikiwa mfukoni mwako? Wabunifu walilifikiria hilo. Chipu haifunguki mpaka ipewe ufunguo unaotokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambazo zimechapishwa kwenye mistari ya chini ya ukurasa wa picha. Kwa hiyo, ofisa hulazimika kwanza kuufungua ukurasa huo na kuuonesha mashine. Mwenye pasipoti hutoa ridhaa kwa kuikabidhi mkononi.

6.0 Hofu na Hatari

Hofu inayosikika zaidi ni ya mwizi anayepita sokoni na mashine akizikamua kadi mifukoni. Umbali wa sentimita chache, hitaji la kuwa na akaunti iliyosajiliwa ya mfanyabiashara na kikomo kinachowekwa kwa malipo yasiyo na namba ya siri huifanya njia hiyo kuwa ngumu na yenye faida ndogo kwa mwizi.

Hatari halisi ziko kwingine. Ya kwanza ni ya kurefusha ukaribu kwa hila: mtu mmoja husimama na kifaa karibu na kadi yako, mwenzake husimama na kifaa kingine karibu na mashine ya dukani, na vifaa hivyo viwili hupelekeana ujumbe kwa intaneti. Kadi na mashine huamini ziko pamoja kumbe ziko mbali. Hesabu za siri pekee haziizuii hila hii, kwa kuwa majibu yanayopelekwa ni ya kweli.

Ya pili ni ya mfumo uliotegemea kufichwa. Chipu ya MIFARE Classic, iliyotumika katika kadi nyingi za usafiri ikiwemo Oyster, ilitegemea kanuni ya siri iliyofichwa na mtengenezaji. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionesha udhaifu wake. Mtengenezaji alikwenda mahakamani kuzuia uchapishaji wa utafiti huo, na mahakama ikakataa ombi lake. Funzo lake linazihusu nchi zetu: kadi iliyonunuliwa kwa sababu ya bei nafuu inaweza kuwa na kufuli ambalo ufunguo wake umeshafahamika.

7.0 Uzoefu wa Afrika Mashariki

Eneo letu halikusubiri mawasiliano ya ukaribu ili kuacha fedha taslimu. M-PESA ilizinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ikatumia laini ya simu na menyu za maandishi. Haikuhitaji kisomaji dukani wala simu ya gharama. Ile ya vitufe, ambayo Tanzania huitwa kiswaswadu na Kenya mulika mwizi, ilitosha. Mwenye kibanda alihitaji namba tu iliyoandikwa ukutani. Kwa mtu anayelipia mchele, nusu dakika ya kubonyeza namba si hasara. Kwa mlango wa basi lenye abiria arobaini, ni hasara kubwa. Ndiyo sababu kadi ya kusogeza imepata makao katika usafiri kuliko dukani.

Lakini hata katika usafiri, kasi peke yake haikutosha. Mwaka 2013 Google na Equity Bank zilileta Nairobi kadi ya BebaPay. Mwaka 2015 huduma hiyo ilifungwa. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2014, serikali ya Kenya iliagiza matatu ziache kupokea fedha taslimu. Agizo likaahirishwa na halikutekelezeka. Kadi zilisomeka vizuri. Kilichogoma ni mpangilio wa maisha: dereva na kondakta hupeleka kwa mwenye gari hesabu ya siku iliyokubaliwa na kubaki na kinachozidi, hununua mafuta kwa fedha iliyokusanywa safari iliyopita, na nauli hupanda na kushuka kulingana na mvua na saa. Kadi iliyopeleka kila shilingi moja kwa moja benki ilikuwa imejibu swali ambalo wahusika hawakuwa wamelikubali: fedha ya siku ni ya nani, na inashikwa na nani kabla ya jua kuzama?

8.0 Istilahi

Tangazo la benki husema “malipo bila mguso”. Mhudumu husema “gusa hapa”. Mteja hubaki kati ya amri mbili zinazopingana. Chanzo ni tafsiri. Katika taaluma ya kadi, mguso uliokusudiwa kukosekana ni ule wa vipande vya metali vilivyo juu ya chipu na pini za ndani ya mashine. Haukuwa mguso wa plastiki na plastiki, wala wa mkono. Tafsiri ililichukua neno na kuiacha dhana.

Tunapendekeza kadi ziainishwe kwa kitendo cha mkono, ambacho kila mtumiaji anakiona: kadi ya kutelezesha, yenye utepe wa sumaku, kadi ya kuchomeka, yenye vipande vya metali, na kadi ya kusogeza, yenye koili. Maneno haya hayahitaji kamusi, na mtumiaji anaweza kusema, “Niliisogeza mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haikulia,” akaeleweka. Vilevile, risiti na mabango yatofautishe salio la kadini na salio la akaunti. Tofauti ya viambishi ni ndogo, lakini humwambia mwenye kadi kama akiipoteza amepoteza plastiki au amepoteza fedha.

9.0 Hitimisho

Mawasiliano ya ukaribu yamejengwa juu ya kanuni ya kifizikia inayoelezeka, na umbali wake mdogo ni sehemu ya ulinzi wake. Yanafaa kwa malipo ya haraka na kwa kutambulishana, wala hayafai kwa kubeba data nyingi. Hayamwondolei mtu haja ya kujua fedha yake imekaa wapi, na hayawezi kumaliza mgogoro wa nani aishike. Kwa hiyo, mamlaka za usafiri, benki kuu na vyombo vya Kiswahili vya ukanda huu vinapaswa kukaa pamoja kabla kadi mpya haijaingia sokoni, na masharti yake yaandikwe kwa Kiswahili ambacho abiria anaweza kukisoma akiwa amesimama kituoni. Abiria wa Kigali, Nairobi au Dar es Salaam akifika dirishani kulalamika, awe na jina la kitendo alichofanya na jina la mahali salio lake lilipokuwa. Hapo ndipo karani atakapolazimika kumjibu.